Kupe, Viroboto na Tuhuma ya Saratani kwa Mbwa

MBWA ni askari asiyepokea mshahara. Katika vijiji vya Nabuyoga, wilayani Tororo, na katika miji ya Busia pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, ndiye alindaye mbuzi na kuku usiku, na ndiye wa kwanza kumtambua mgeni asiye na nia njema. Katika vikosi vya polisi ndiye afuataye nyayo za mwizi wa ng'ombe mahali ambapo macho ya binadamu yameshindwa. Hata hivyo, mlinzi huyu apatwapo na ugonjwa, ni wachache wanaomtazama kwa uangalifu ule ule wanaompa ng'ombe au mbuzi. Akikonda, husemwa kuwa amelishwa sumu. Akitokwa na damu puani, wapo wasemao kuwa amerogwa, na wapo wasemao kuwa ana saratani na hana dawa. Mara nyingi hukumu hutolewa siku hiyo hiyo, na mbwa huishia kupigwa rungu na kutupwa kichakani.

Hukumu hiyo yafaa ingojee ushahidi. Baadhi ya magonjwa yaletwayo na kupe huiga saratani hata mwenye mbwa akadanganyika, na kumbe hutibika. Aidha, wataalamu wa siku hizi wanashuku kwamba baadhi ya vijidudu viletwavyo na wadudu wanyonyao damu hushiriki katika kuianzisha saratani yenyewe. Kwa hiyo suala la kupe na viroboto wa mbwa si la usafi tu. Ni suala la uhai wa mlinzi huyo, na pia la afya ya nyumba anayoilinda.

FUNDISHO LA NDIGANA

Mfugaji wa ng'ombe anaijua vema ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe wa masikioni. Tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, homa hupanda, ng'ombe hukataa malisho, hupumua kwa shida, na asipotibiwa mapema hufa. Jambo ambalo wafugaji wengi hawakuelezwa ni lile linalotendeka ndani ya tezi hizo.

Saratani, kwa maneno mepesi, ni uasi wa chembe za mwili. Chembe moja hukataa amri ya kuacha kuzaliana, huzaa nyingine zilizo kama yenyewe, nazo huenea na kuzivamia sehemu za jirani. Kimelea cha ndigana, kiitwacho tileria, huingia katika chembe nyeupe za damu ya ng'ombe na kuzilazimisha zigawanyike mfululizo, kama zifanyavyo chembe za saratani. Lakini ndigana ina ajabu moja. Kimelea kikiuawa kwa dawa, chembe zile huacha kuasi na hurudia hali yake ya kawaida. Kwa sababu hiyo wanasayansi wa nchi nyingi wameichunguza ndigana ili wafahamu jinsi kiumbe kidogo kiwezavyo kuigeuza chembe ya mnyama mkubwa.

Tileria si bakteria, wala ndigana haimpati mbwa. Ila ugonjwa huo wathibitisha jambo moja kubwa, nalo ni kwamba kijidudu kiletwacho na kupe chaweza kuziongoza chembe za damu katika njia ya saratani. Basi si upuuzi kuuliza kama jambo la namna hiyo laweza kumpata na mbwa.

KUPE ALIYEHAMIA NYUMBANI

Kupe wa ng'ombe humngojea mnyama kwenye majani ya malisho. Kupe wa mbwa, mwenye rangi ya kahawia, amezoea maisha ya nyumbani. Hukaa katika kibanda cha mbwa, katika nyufa za ukuta wa udongo, chini ya mikeka na magunia ya kulalia. Jike akishashiba damu hujiangusha, hujipenyeza katika ufa, na huko hutaga mayai kwa maelfu. Ndiyo maana mtu aweza kumtoa mbwa kupe wote leo, na baada ya muda mfupi akakuta wengine wapya. Shina la adha hiyo limo ukutani.

Kupe huyo hueneza bakteria aitwaye erlikia, ambaye alitambuliwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935. Yatosha kupe anyonye damu kwa saa chache tu ili bakteria huyo aingie mwilini. Baada ya juma moja hadi matatu mbwa hushikwa na homa, hupoteza hamu ya chakula, na tezi zake huvimba. Kisha hupata nafuu, na watu wa nyumbani husahau. Lakini bakteria waweza kukaa kimya mwilini kwa miezi, au hata miaka, na baadaye kwa baadhi ya mbwa wakaushambulia uboho wa mifupa ambamo damu hutengenezwa. Hapo chembe ndogo zinazogandisha damu hupungua mno. Ufizi huwa mweupe, madoa mekundu hutokea kwenye ngozi ya tumbo, na damu hutiririka puani. Huyu ndiye yule mbwa ambaye jirani husema amerogwa.

Wanajeshi wa Marekani walilijua jambo hili kwa hasara katika vita vya Vietnam. Katika miaka ya mwisho ya 1960 mbwa wao wa kijeshi, ambao wengi walikuwa wa aina ya Alsatian, walianza kufa kwa kutokwa na damu, na mwanzoni sababu yake ilikuwa fumbo. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni erlikia iliyoenezwa na kupe. Alsatian ndio wapendwao na vikosi vingi vya polisi na majeshi ulimwenguni, nao huelemewa na ugonjwa huu kuliko mbwa wa aina nyingine nyingi. Askari mwenye kumwongoza mbwa wa kazi hana budi kulikumbuka jambo hilo kila amkaguapo.

Hata mganga wa mifugo aweza kudanganyika ikiwa hana maabara karibu. Tezi zilizovimba kwa erlikia hufanana na zile za saratani ya tezi. Damu ya mbwa mwenye erlikia ya muda mrefu mara nyingine huonyesha dalili zinazofanana na zile za saratani ya damu. Tofauti ni kwamba erlikia hutibiwa kwa dawa iitwayo doksisaiklini, ambayo kwa kawaida mbwa hupewa kwa siku 28. Mbwa aliyekwisha kuhukumiwa kuwa wa kufa aweza kurudi lindoni. Lakini akicheleweshwa mpaka uboho umeharibika, matumaini huwa madogo.

Katika sehemu za Tororo na Busia kuna jambo la kuongeza. Huko mbung'o naye hueneza vimelea vya nagana, ambavyo humpata mbwa kwa ukali mkubwa, vikamletea homa, kukonda, upungufu wa damu na ukungu machoni. Si kwa bahati tu kwamba mji wa Tororo ndio uliokuwa makao ya shirika la Afrika ya Mashariki la uchunguzi wa malale na nagana, mpaka Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977. Tone moja la damu likitazamwa kwa darubini laweza kuonyesha kwamba mbwa anayedhaniwa kuwa na saratani ana nagana.

MTUHUMIWA AITWAYE BARTONELA

Hayo yaliyotajwa yalihusu magonjwa yanayoiga saratani. Sasa yafuata swali lililo gumu zaidi: je, bakteria aletwaye na mdudu aweza kuisababisha?

Iko saratani ya mishipa ya damu ambayo huota hasa katika wengu na katika moyo wa mbwa. Huwapata zaidi mbwa wakubwa wa umbo waliokwisha kupita ujana, na Alsatian ni miongoni mwao. Ubaya wake ni ukimya. Mbwa hula na kubweka kama kawaida, mpaka siku ambayo uvimbe hupasuka, damu ikamwagika tumboni, akaanguka ghafla na pengine asiuone usiku.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya kuwachunguza mbwa 110 wenye saratani hiyo. Katika vipande vya nyama vilivyochukuliwa kwa mbwa 80 miongoni mwao, walikuta chembechembe za urithi za bakteria aitwaye bartonela. Lakini katika damu ya mbwa waliopimwa bakteria huyo hakuonekana. Alikuwa amejificha ndani ya nyama.

Bartonela huenezwa na viroboto na wadudu wengine wanyonyao damu, na kupe nao wanashukiwa. Tabia yake ndiyo iliyowafanya wataalamu wamtupie jicho. Hupenda kukaa katika ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, na huzichochea chembe za mishipa hiyo zikue. Katika mabonde ya milima ya Andes, nchini Peru, bartonela wa aina moja huenezwa na visubi na kuwaotesha watu vinundu vyekundu vilivyojaa mishipa ya damu. Mwanafunzi wa udaktari Daniel Carrión alijichanja kwa maji ya kinundu cha mgonjwa mwaka 1885 ili aujue ugonjwa huo, naye akafa kwa homa yake. Katika zama zetu, watu ambao kinga zao zimedhoofishwa na UKIMWI wameonekana kuota vinundu vya mishipa ya damu kwa sababu ya bartonela, na vinundu hivyo hutoweka kwa dawa za kuua bakteria.

KUMKUTA FISI PENYE MZOGA

Pamoja na hayo, askari yeyote ajuaye kazi yake ataona kuwa ushahidi haujatimia. Kumkuta fisi penye mzoga hakuthibitishi kwamba ndiye aliyeua. Huenda bartonela huanzisha saratani hiyo. Huenda nayo saratani hutangulia, na bakteria huvutwa na mahali penye damu nyingi na kinga hafifu. Kwa sasa bartonela ni mtuhumiwa, na mtuhumiwa hahukumiwi kabla ya kesi kwisha.

Uganda yenyewe ina historia inayofundisha subira ya namna hii. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliwaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, na mwaka uliofuata akaandika habari za saratani ambayo hadi leo yaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya maili katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa huo unapoonekana. Ukaonekana kuwa ni wa nchi zenye joto na mvua, na kwamba katika nyanda za juu zenye baridi hupungua. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya mbu, na wengi wakadhani kuwa mbu ndiye aletaye saratani.

Dhana hiyo ilikuwa na kweli nusu. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, huko London, waligundua kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo, na ikafahamika baadaye kwamba kirusi hicho huenea kwa mate. Mbu hakukibeba. Lakini malaria aletayo mbu, inapomrudia mtoto mara kwa mara, huivuruga kinga yake na kukifungulia kirusi njia. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka malaria kali ya nchi zetu katika orodha ya mambo ambayo yaelekea husababisha saratani. Wananchi wa Nabuyoga wanaijua vema malaria hiyo. Huko Nagongera, katika wilaya hiyo hiyo ya Tororo, wachunguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikadiria kuwa mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea mara 310 kwa mwaka, kabla kampeni ya kunyunyiza dawa majumbani haijaanza mwishoni mwa 2014.

Mfano mwingine ni wa bakteria kabisa. Kwa miaka mingi madaktari walikana kwamba bakteria aweza kuleta saratani. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, wa Australia, walimwotesha katika maabara bakteria wa tumboni aitwaye helikobakta. Mwaka 1994 alitangazwa rasmi kuwa ni chanzo cha saratani ya tumbo kwa binadamu, na mwaka 2005 wataalamu hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo haifai kumcheka atuhumuye bartonela, wala haifai kumwamini kabla ya wakati.

MHALIFU ALIYEKWISHA KUTHIBITIKA

Yuko mmoja ambaye kesi yake imekwisha, naye si bakteria. Ni mnyoo mwekundu aitwaye spirosaka, ambaye mbwa humpata kwa kumla dundu wa mavi, yule mdudu mweusi anayeviringisha madonge ya kinyesi. Mbwa aweza kumpata pia kwa kula matumbo mabichi ya kuku au kwa kula mjusi, kwa kuwa hao nao hula dundu. Mtoto wa mnyoo hutoboa ukuta wa tumbo, husafiri kwa kufuata mishipa ya damu mpaka ule mkubwa utokao moyoni, na hatimaye hutua katika umio na kufanya kinundu. Kwa baadhi ya mbwa kinundu hicho, baada ya kuwashwa na mnyoo kwa muda mrefu, hugeuka kuwa saratani halisi.

Habari hizi zapatikana karibu na nyumbani. Mnyoo huyu katika mbwa wa Kenya ulielezwa katika machapisho ya kitaalamu ya mwaka 1968, na tena mwaka 1977. Mbwa mwenye ugonjwa huo hutapika mara tu baada ya kula, humeza mate mara kwa mara, hukohoa na hukonda hali anatamani chakula. Akipelekwa mapema, sindano za dawa ya minyoo huweza kumwua mnyoo na kukiondoa kinundu. Kikigeuka saratani, dawa hiyo haifui dafu.

WAJIBU WA KILA NYUMBA

Kutokana na hayo, mwenye mbwa hana haja ya kungoja wataalamu wamalize kesi ya bartonela. Yale yampasayo kufanya ni yale yale, iwe bakteria huyo atapatikana na hatia au ataachiliwa.

Kwanza, mbwa akaguliwe walau mara moja kwa juma: ndani ya masikio, shingoni, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Kupe ashikwe karibu na ngozi kwa kikoleo kidogo, au kwa vidole vilivyofunikwa kitambaa au karatasi ya nailoni, avutwe polepole bila kukatwa, kisha atumbukizwe katika maji yenye sabuni nyingi. Asipondwe kwa kucha, wala asichomwe moto akiwa juu ya mbwa. Watoto wasipewe kazi hiyo.

Pili, kibanda kitazamwe kama mwili wa mbwa unavyotazamwa. Nyufa zizibwe kwa udongo au saruji, magunia ya kulalia yafuliwe na kuanikwa juani, na takataka zifagiliwe na kuchomwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa kukisia, kwani kipimo cha ng'ombe chaweza kumwua mbwa, hasa mtoto wake. Afisa wa mifugo aulizwe kwanza.

Tatu, mbwa asilishwe matumbo mabichi, na mavi ya wanyama yaondolewe uani ili dundu wasizaliane hapo.

Nne, dalili zisidharauliwe. Ufizi mweupe, damu puani, tezi zilizovimba, tumbo lililojaa ghafla, kutapika baada ya kula na kuanguka bila sababu ni mambo ya kumpeleka mbwa kwa mganga wa mifugo siku hiyo hiyo, na maneno ya kwanza ya kumwambia ni haya: apimwe damu. Mbwa aliyebadilika tabia, anayeuma ovyo au kutokwa mate mengi asishikwe kwa mikono, kwa maana huenda ana kichaa cha mbwa.

Tano, familia isiwe na hofu isiyo na msingi. Saratani ya mbwa haimwambukizi mtoto anayecheza naye. Linalovuka kutoka kwa mbwa kwenda kwa mtu ni kupe na kiroboto, na hao waweza kumletea mtu homa zao. Nyumba inayomsafisha mbwa wake huwa imewalinda na watoto waliolala chini ya paa hilo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa wenye mbwa methali hiyo ni kweli kwa maneno yake yenyewe, kwa kuwa ni katika ufa ule mdogo wa ukuta ambamo kupe hutaga mayai yake. Mlinzi wa boma hajui kusema panapomuuma. Amlindaye yeye ni yule mwenye macho ya kumtazama, na subira ya kutomhukumu kabla ya kupima.